Apu ya "siku kama ya leo" kwenye muziki: uzoefu wangu, nyota 4

Mimi ni kinyozi hapa Kondele, Kisumu, na muziki ndio nusu ya kazi yangu, mteja akipata wimbo mzuri hata foleni haimsumbui. Hii apu kila asubuhi inakuletea mambo yaliyotokea tarehe hiyo kwenye muziki, nani alizaliwa, nani aliaga, mwaka gani, na ukibonyeza unaskia kipande cha wimbo. Mimi husoma kwa sauti kabla sijawasha mashine.

Tarehe 12 Oktoba ndio nilijua hii kitu ni ya maana. Walianza na Franco, Luambo Makiadi mwenyewe, yule mfalme wa rumba ya Kongo, aliyefariki 1989 huko Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51 tu, na Rais Mobutu akatangaza siku nne za maombolezo Zaire nzima, ndio Kongo ya leo. Kulikuwa na jaduong, yaani mzee, mmoja kwa kiti, nimemaliza upande mmoja wa kichwa, nikaamua kuweka wimbo mzima kwa spika kwa sababu kile kipande cha apu hakitoshi, si mnajua ngoma za Franco zinaweza kupita dakika 10, sasa sebene, ile sehemu ya magita ya kucheza, ilipoingia mzee akatoa mkono chini ya kitambaa akaniambia, "Zima mashine kwanza, kijana." Nikazima. Watu kwa benchi wakangoja na hakuna aliyelalamika. Halafu chini yake wakamweka John Denver, ile ndege ndogo alikuwa anaiendesha mwenyewe ilianguka baharini kule California, 12 Oktoba 1997, hapo wapenzi wa kantri nao wakapata yao, na huku kwetu ni wengi.

Lakini tarehe 17 Mei iliniuma. Donna Summer yuko, alifariki 2012, sawa, anastahili kabisa. D.O. Misiani wa bendi ya Shirati Jazz hayuko! Alifariki tarehe hiyo hiyo 2006 kwa ajali ya barabarani, na ni hapa hapa Kisumu. Mtu ametoka Shirati, Tanzania, akavuka akaja Kenya akaibeba benga, muziki wetu wa gita, mpaka ikajulikana nje, watu wakamwita King of History, na apu ya historia inampita? Ile gita yake ya solo ikianza kukimbia, besi inaifuata nyuma, huku hakuna mtu wa kuuliza nani anapiga. Ndio maana nimekata nyota moja. Mtoto akisoma hii kila siku atadhani muziki ni wa London na New York pekee.

Mengine ni madogo. Vipande vinakula bando, kwa hivyo kama una waifai pakua usiku. Matangazo ya kamari yanaingia katikati ya wimbo, hayo tafadhali myatoe.

Kuna mahali pa kupendekeza tarehe, ya Misiani nimeshatuma. Wewe uko Nakuru ama Kakamega, tuma ya msanii wa kwenu pia, wakiona tumekuwa wengi watatuskia.