Kanzidata ya dukani: kabla hujalipa, kagua kasoro

Wenye maduka ya spea na dawa huku Ngamiani, Tanga, huniuliza, "Fundi, programu gani nzuri ya kanzidata, yaani ya kutunzia kumbukumbu za mauzo na stoo?" Nami huwauliza: umeme ukikatika mteja yuko kaunta, mauzo yako yatakuwa wapi? Hapa nimezipanga programu hizo kuanzia ninayoipenda zaidi, kwa duka lenye kompyuta moja hadi tatu.

1. Microsoft Access. Kwa kuwa ndiyo naipa namba moja, ndiyo nitakayoisema sana. Ipo tangu 1992, na fomu ya mauzo pamoja na ripoti ya stoo hupatikana kwa siku chache. Lakini faili lake halivuki GB 2. Kwa majina na bei za spea hufiki huko; ukianza kubandika picha za risiti, utafika. Haipo kwa Mac wala simu, kwa hiyo tajiri anayeshinda shambani Muheza asitegemee kuchungulia mauzo kiganjani. Microsoft wenyewe wanataja watumiaji 255 kwa pamoja. Mimi wakizidi watano naanza kuomba dua.

Ugonjwa wake mkubwa ni waifai. Mtandao ukiyumba mtu akiwa anaandika, faili lote laweza kuharibika; nilishakesha dukani kwa mtu nikiokoa mauzo ya miezi mitatu. Kwa hiyo majedwali, yaani data yenyewe, yakae kompyuta moja, kila muuzaji awe na fomu zake kwenye mashine yake, na mashine ziunganishwe kwa waya. Angalia pia unachouziwa: si kila kifurushi cha Office kina Access ndani. Habari njema ni kwamba ukishatengenezewa, wauzaji wanaweza kuitumia kwa Access Runtime, toleo la kuendeshea tu, ambalo ni bure.

2. SQLite. Bure kabisa, tangu 2000, na huenda tayari imo ndani ya simu yako bila wewe kujua. Umeme ukizimika, muamala ambao haujakamilika hufutwa na ya nyuma yanabaki salama. Kasoro: ni ghala lisilo na mlango wa dukani. Fomu hazimo, lazima umlipe mtu akuandikie programu. Tena anayeandika ni mmoja mmoja, wengine wasubiri. Ningeipa namba moja kama watengenezaji wazuri wangekuwa wengi mjini.

3. MariaDB au MySQL. Una tawi Korogwe? Njoo huku: data hukaa kwenye kompyuta kuu (seva), na nyingine huiendea kwa mtandao. Hapa shida si programu, ni fundi wa kuitunza: nakala za akiba, nywila, masasisho. Tanga yetu ni waja leo waondoka leo, na mafundi nao ni hivyo hivyo. Akiondoka na nywila kichwani, umekwisha.

4. LibreOffice Base. Bure, ila kwa mpangilio wake wa kawaida data yote hukaa ndani ya faili moja linalosubiri kuhifadhiwa. Kwa umeme wetu, sikushauri. Ukiitumia kama fomu tu juu ya MariaDB, inavumilika.

Excel sijaipanga, kwa sababu ni daftari. Kijana akipanga safu ya majina peke yake kwa alfabeti, bei zinabaki zilipokuwa, na brekipadi inauzwa kwa bei ya plagi.

Yoyote utakayoletewa, ingiza mauzo hamsini ya uongo mbele ya muuzaji, chomoa waya wa kompyuta ya mezani ukiwa kwenye la hamsini na moja, washa tena, kisha hesabu.