Mikisa ya dijitali kwa taarab na harusi za Unguja na Pemba: uzoefu wangu

Anayetafuta mikisa ya dijitali, yaani mashine ya kuchanganya sauti za maiki na vyombo, huanza kuuliza ina chaneli ngapi. Mimi nauliza kwanza sauti inatokea wapi na wapi, halafu nauliza mkono wangu utafika kwa haraka gani pale mambo yakiharibika. Ninazozitumia ni mbili, X32 Compact na XR18, zote za Behringer: taarab asilia, harusi, maulidi, na bendi za hoteli za Nungwi na Paje. Kazi hizo hazifanani, na bei ya mikisa peke yake haikwambii ipi inafaa wapi.

Tuhesabu kikundi cha taarab asilia cha wastani, si okestra kamili ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kikongwe cha taarab cha Zanzibar. Waimbaji wa mbele 2, maiki za kiitikio 3, fidla 3, ganuni 1, udi 1, akodiani 2, besi 1, kibodi 2, dumbaki 1. Hapo zimeshatimia 16. Akodiani naipa maiki mbili kwa sababu mkono wa kulia na wa kushoto hutoa sauti pande tofauti, na maiki moja ya katikati hukusanya pumzi za mvukuto kuliko muziki. Bado tari, bado maiki ya msemaji, bado simu ya kupiga nyimbo watu wakila.

X32 Compact ina priampu 16, yaani vikuza sauti vya maiki, na viingilio 6 vya ziada vya laini. Simu inakaa huko. Hata maiki isiyo na waya ya msemaji inaweza kukaa huko, maana kipokezi chake kwa kawaida kina tundu la laini na hakihitaji priampu. XR18 nayo ina priampu 16 na jozi moja ya laini, namba 17 na 18, basi. Kikundi kikikua, Compact unaiongezea kisanduku cha jukwaani cha S16 kwa waya mmoja wa AES50 na unapata maiki 16 zaidi. XR18 haina mlango huo. Waya wenyewe uwe Cat5e, ule wa mtandao wa kompyuta, wenye ngao, na vichwa vyake viwe na ganda la chuma lililoungwa na ngao hiyo, usizidi mita 80. Waya wa ofisini wa plastiki mwanzo utafanya kazi vizuri, kisha cheche ndogo ya mtu kugusa kisanduku itakata sauti ya jukwaa zima kwa nukta moja mbele ya wageni.

Kwa njia za kutokea zimelingana: zote zina matundu 8 ya XLR, yale ya pini tatu. Kwangu zinakwisha hivi: spika kuu 2, monita 5, yaani spika za kuwasikilizisha wanamuziki wenyewe (mwimbaji, kiitikio, fidla, ganuni na udi, dumbaki na besi), na moja ya upande wa wanawake. Hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Khutba ya ndoa inasomwa kwa wanaume, na kina mama wamekaa ua wa pili au nyumba ya jirani. Wanataka kusikia maneno yenyewe kwa kiwango kinachowafaa, si kelele za turubali. Compact ina matriksi 6, kwa hiyo napeleka huko nakala ya sauti kuu yenye kiwango na ekolaiza yake, yaani kirekebishi cha sauti nene na nyembamba. XR18 haina matriksi. Unachukua njia moja ya monita, unaiweka baada ya feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), na unapandisha kila chaneli peke yake. Inawezekana, lakini ukisahau chaneli moja, kina mama hawamsikii kadhi.

Sasa feda, na hapa ndipo ninaposimamia hukumu yangu. XR18 haina hata moja. Kila kitu kiko kwenye tableti au kompyuta. Kwa bendi ya watu wanne hotelini ni raha: unatembea mpaka meza ya mwisho ukisikiliza. Kwa taarab siipendi. Watu wanaondoka vitini kwenda kutunza, wanamzunguka mwimbaji, mwimbaji anasogea nao mpaka maiki inatazama spika, na mluzi unaanza. Una nukta moja tu. Kidole kwenye kioo chenye jasho kinateleza, au ukurasa uliofunguliwa ni wa ekolaiza ya fidla. Kwenye Compact feda za mota ni 17, na mkono unajua njia bila jicho. Halafu kiitikio: kinapoingia, maiki tatu zipande pamoja na fidla zishuke kidogo. Nazifunga kwa DCA, yaani feda moja inayoendesha chaneli kadhaa kwa pamoja: moja ya kiitikio, moja ya fidla. Compact ina DCA 8, XR18 ina 4.

Jambo moja XR18 imeshinda: kila njia ya monita ina ekolaiza yake ya bendi 31 bila kuomba ruhusa. Kwenye X32 ekolaiza ya namna hiyo inakaa katika nafasi za efekti (mwangwi na mengineyo), ambazo ni 8, na kila nafasi inabeba mbili. Ukizipa monita nafasi tatu, mwangwi bado una pa kukaa. Mwenyewe mara nyingi natosheka na ekolaiza ya bendi 6 iliyomo kwenye kila njia: napandisha monita polepole kabla ya wageni kuja, mluzi wa kwanza ukitokea nakata desibeli 3 hadi 6 kwa bendi nyembamba, nafanya hivyo mara tatu, naacha. Ukikata mara nane umeshaua sauti ya mwimbaji.

Ganuni inataka subira. Sauti yake ni ndogo, geini (ukuzaji wa maiki) inapanda, na geini ikipanda maiki inasikia dumbaki vilevile. Maiki ndogo ya kondensa, sentimita 20 juu ya nyuzi, karibu na pale daraja linapokalia ngozi; fantomu ya volti 48, umeme unaoiendesha maiki hiyo, iwashwe chaneli ikiwa imezimwa; chujio la kukata sauti za chini liwe hezi 80. Vilele visipite desibeli 10 chini ya sifuri, maana kwenye dijitali sifuri ni ukuta, hakuna kuzidisha kidogo. Kompresa, kifaa cha kubana sauti kubwa, siigusi. Mpigaji anayejua taksim, ule upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo, anapandisha na kushusha mwenyewe, na kompresa inamnyang'anya kazi hiyo.

Adhana inapoanza muziki unanyamaza, hilo halina mjadala. Weka kundi moja la kuzima lenye chaneli zote za jukwaa, na uingize ndani yake marejeo ya efekti. Ukiyasahau, kitufe kinazima maiki lakini mkia wa mwangwi unaendelea kuburura juu ya adhana.

Umeme. Mikisa ya zamani ya analogi ukikatika umeme nusu nukta inarudi papo hapo. Ya dijitali inazima na kuwaka upya, na ukimya huo kwenye harusi ni mrefu sana. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inatosha mikisa, rauta na kisanduku cha jukwaani. Amplifaya na spika zenye umeme zisichomekwe humo, zitaizima. Kwenye jenereta ndogo za shamba, ambazo mzunguko wake unayumba kila friji inapowaka, UPS za kawaida hukataa umeme na kukaa kwenye betri mpaka iishe; aina ya online, inayotengeneza umeme wake upya muda wote, ndiyo inayostahimili. Kuwasha: mikisa mwanzo, spika mwisho. Kuzima: spika mwanzo. Na mvumo ukitokea, usikate pini ya ardhi ya plagi. Chomoa chaja ya kompyuta uone, au tumia kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha chombo na mikisa, chenye kitufe cha kutenga ardhi.

Waifai ya ndani ya mikisa yoyote inayotumia gigahezi 2.4 peke yake siitegemei ukumbi ukijaa. Simu 300 zinagombania hewa hiyo hiyo, na miili ya watu inaimeza. Rauta ya nje yenye gigahezi 5, juu ya stendi kupita vichwa vya watu, jina la mtandao limefichwa, na tableti ikiwa imezimiwa masasisho yote. Kwa XR18 nachukua pia kompyuta iliyoungwa kwa waya. Hiyo ndiyo akiba. Ufukweni tableti isikae juani, inapata joto na kujizima.

Mwenye fedha zaidi aangalie SQ-5 ya Allen & Heath: priampu 16, feda 17, inapima sauti kwa kilohezi 96 badala ya 48 za hizi zangu, na ekolaiza ya kila njia haili nafasi ya efekti. Ni nzuri kweli. Kwa spika nyingi za harusi zetu, tofauti ya 48 na 96 haitasikika. Tofauti ya UPS itasikika.

Ukinunua iliyotumika, iwe Darajani au Kariakoo, nenda na maiki moja, waya mmoja na mita ya umeme. Washa fantomu, pima pini 1 na 2, kisha 1 na 3, kila tundu: karibu volti 48. Ipime kila priampu kwa maiki. Badilisha ukurasa wa feda mara kumi na utazame ipi inachelewa au inatetemeka. Hewa ya chumvi huanzia hapo. Usikubali iliyopulizwa mafuta ya kulainisha, mota zitashika vumbi.

Kwa Pemba, mikisa isafiri ndani ya sanduku gumu lenye sponji na vifuko vya kunyonya unyevu, na isipakiwe sehemu ya meli inayorushiwa maji. Hifadhi mipangilio ya kikundi kwenye flashi mbili: moja sandukuni, moja mfukoni.