Ruta ya bei poa ya VPN na fayawoli kwa ofisi ndogo, uchukue ipi?

VPN ni njia ya siri ndani ya intaneti inayounganisha matawi yako, fayawoli ni mlinzi anayezuia wasiotakiwa kuingia. Kabla hujatoa hela, ingia kwenye ruta unayotumia sasa hivi uangalie IP (namba ya anwani ya mtandao) ya upande wa WAN, yaani unakoingilia intaneti. Kama inaanza na 10 na nukta (10.x) au iko kati ya 100.64 na 100.127 huna IP ya umma, yaani ya kwako inayofikika kutoka nje, umewekwa na wateja wenzako kibao nyuma ya IP moja, na hapo hata ununue ruta ya milioni tuseme tawi lako la Mbagala halitaifikia seva yako ya Kariakoo. Laini za simu nyingi ziko hivyo. Ongea na mtoa huduma akupe IP ya umma, upande mmoja tu ukiwa nayo inatosha.

Haya, namba moja kwangu ni MikroTik hEX, ile RB750Gr3. Poti 5 za gigabiti, RAM 256MB, IPsec (aina ya VPN) inabebwa na chipu yenyewe kwa hiyo prosesa haielemewi, na ukiweka RouterOS 7 (programu inayoiendesha) unapata na WireGuard, aina nyingine ya VPN, bila kulipia leseni nyingine. Halafu inakula umeme wa DC kuanzia volti 8 mpaka 30, yaani unaichomeka kwenye betri ya volti 12 na umeme ukikatika yenyewe inadunda tu. Dukani geuza uisome stika ya chini, ikiandikwa RB750r2 hiyo ni hEX lite, poti zake ni za megabiti 100 na RAM 64MB, usiilipie bei ya Gr3. Ila hii inataka fundi anayeijua, na inataka apdeti kweli kweli: mwaka 2018 MikroTik nyingi sana duniani zilitekwa kupitia tobo la Winbox (programu ya kuzisetia) zikatumika kuchimba kripto, na dawa yake ilikuwa imeshatoka tangu mwezi wa 4, watu hawakuapdeti tu.

Kama fundi huna, chukua TP-Link ER605. Unaiseti kwenye brauza, inapokea intaneti zaidi ya moja, na toleo la v2 lina USB ya kuchomeka modemu ya 4G faiba ikizingua, hivyo hakikisha ni v2.

Ya tatu ni kompyuta used ukaiwekea OPNsense (programu inayoigeuza kuwa ruta na fayawoli), ni bure na ina nguvu kuliko hizo zote, ila iwe na poti mbili za mtandao, za Intel ikiwezekana, na prosesa yenye AES-NI (inayoharakisha kazi ya kuficha data ya VPN). Inakula umeme. Ruta za GL.iNet zile ndogo ni za mtu mmoja anayesafiri, ofisi hapana.

hEX na ER605 hazina Wi-Fi, ruta yako ya zamani ibaki kuwa ya Wi-Fi. PPTP (aina ya zamani ya VPN) usiiguse hata kama fundi anasema ndiyo rahisi, imeshavunjwa siku nyingi. Na matawi mawili yasitumie namba za IP za ndani zinazofanana, huku weka 192.168.10.x kule 192.168.20.x, zote zikiwa 192.168.1.x VPN itaonyesha imeunganika na hamtaonana.