PageSpeed Insights: kipimo cha bure kwa tovuti ya duka dogo

Ukiuza fanicha Keko, Dar es Salaam, wewe na mshindani wako mnagawana ukuta. Mbao ni zilezile, mninga na mkongo, na fundi aliyekuwa kwako mwezi uliopita sasa yuko kwa jirani. Mtandaoni hali ni hiyohiyo: kila tovuti ina picha kubwa za sofa zinazopokezana juu ya ukurasa, nyingi zimeokotwa Pinterest, na kila kitanda kimeandikiwa "bei njoo inbox". Mimi ndiye ninayesimamia tovuti ya karakana ya kaka yangu. Kilichonisaidia kuliko vyote kuitoa kwenye huo mfanano ni PageSpeed Insights, kipimo cha Google kinachoonyesha tovuti inafunguka haraka kiasi gani. Ni bure, hakidai akaunti, na nakipa nyota nne kati ya tano.

Unafungua pagespeed.web.dev, unaweka anwani ya tovuti, unasubiri kidogo. Alama ni 0 hadi 100: chini ya 50 ni nyekundu, 50 hadi 89 rangi ya chungwa, 90 kwenda juu kijani. Kuna majibu ya simu na ya kompyuta. Nenda kwenye simu kwanza, maana hapo kinaigiza simu ya bei ya kati kwenye 4G inayosuasua, na hao ndio wateja wetu hasa. Mama yuko kwenye daladala ya Mbagala, bando linaelekea kuisha, anatafuta kitanda cha sita kwa sita kabla ya harusi ya binti yake. Ukurasa ukigoma kufunguka, anarudi nyuma na kubonyeza wa jirani.

Sisi tulikuwa kwenye nyekundu. Nilichokipenda ni kwamba hakikuishia kuniambia "tovuti yako ni nzito". Kilinitajia picha mojamoja na uzito wake. Ile ya kabati la milango mitatu, iliyopandishwa kama ilivyotoka kwenye simu, ilizidi MB 4, na kwenye skrini ya mteja haifikii hata ukubwa wa kiganja. Nikaipitisha Squoosh, tovuti ya kupunguza uzito wa picha, nayo ni ya bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kupeleka picha yako popote, nikaigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Ikashuka chini ya KB 200. Nikaikuza nione kama mistari ya mninga imefifia. Ipo yote, hata pale fundi alipopiga msasa kuzunguka bawaba panaonekana.

Zile picha za kupokezana nikazitoa kabisa. Mahali pake nikaweka kitanda kimoja, chetu, kilichopigwa picha hapahapa karakanani kabla hakijapakiwa kwenye kirikuu, na chini yake vipimo, aina ya mbao, bei, na kitufe cha WhatsApp. Kipimo cha LCP, yaani muda hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane, kikaingia ndani ya sekunde 2.5 ambazo Google huzihesabu kuwa nzuri. Ila faida iliyonifurahisha zaidi ni simu zinazoingia: watu hawaanzi tena na "bei gani?", wanauliza kitakuwa tayari lini.

Kinakagua pia kama maandishi yanasomeka. Ushauri wake kuhusu herufi za kijivu juu ya nyeupe utauelewa ukitoka nje na simu yako saa saba mchana.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya sehemu ya juu kabisa ya majibu. Hiyo inategemea takwimu za watumiaji halisi wa Chrome za siku 28 zilizopita, na tovuti yenye wageni wachache kama yetu huambiwa hakuna data. Mwenye duka asiyejua anaweza kudhani tovuti yake imeharibika. Shuka chini, majibu yako yapo huko. Baadhi ya ushauri, kama kupunguza JavaScript (msimbo unaoendesha tovuti) isiyotumika, unahitaji mtu anayejua kazi hiyo. Ukirudia kipimo alama hupanda au kushuka kidogo, kwa hiyo usipate presha. Na kijani hakisemi lolote kuhusu ukweli: tovuti iliyojaa vitanda vya watu wengine inaweza kabisa kupata 100. Picha zako, vipimo vyako na bei yako hakuna kipimo cha kukuwekea.

Ukianza, pima ukurasa wa bidhaa inayotoka sana, maana huko ndiko kiungo unachotuma WhatsApp kinampeleka mteja. Kwetu ni sita kwa sita ya mkongo. Kisha weka anwani ya jirani, bidhaa ileile. Kipimo hakiulizi tovuti ni ya nani, na utajua mteja anasubiri wapi zaidi.