Quick-DNA Fungal/Bacterial Miniprep ya Zymo: inafaa kwa ukungu wa vitabu vya kale?

Seti hii ya kutoa DNA inafaa, ikiwa ni karatasi kavu yenye ukungu unaoonekana kwa macho. Kwa majalada ya ngozi na kurasa za wino wa chuma, chukua seti ya udongo ya kampuni hiyohiyo. Ile ina chujio la mwisho linalonasa vizuizi vya PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane). Hii ya kuvu haina. Tanini za ngozi, chuma cha wino na melanini ya spora nyeusi huweza kupita pamoja na DNA, kimeng'enya cha kunakili kikagoma. Jeli ya kuonyeshea vipande vya DNA inatoka tupu, na mtu anaandika "hakuna kuvu" huku ukungu unamtazama.

Kinacholipiwa hapa hasa ni tyubu za shanga, yaani chembe ngumu za kuvunja seli. Kuta za kuvu zina kaitini, na spora za Chaetomium globosum, mla karatasi maarufu, hazipasuki kwa dawa peke yake. Sugua doa kwa swabu safi ya nailoni (ya pamba hunyonya bafa, yaani kimiminika cha seti, na kubaki nayo), ukikwepa maandishi. Kata ncha uitie kwenye tyubu na mikrolita 200 za maji safi na 750 za bafa ya shanga. Mashine ya kutikisa yenye kasi inamaliza kwa dakika 5; voteksi ya kawaida ipe 20. Zungusha kwenye sentrifuji, pitisha mikrolita 400 za juu kwenye chujio, kisha ongeza 1,200 za bafa ya kuyeyushia. Ukiambulia 300 tu, weka 900: muhimu ni uwiano wa 1 kwa 3, vinginevyo DNA haishiki vizuri kwenye kolamu, kijitundu chenye utando wa kunasa DNA. Mwishoni, maelekezo yanasema utoe DNA kwenye kolamu kwa mikrolita 100 za bafa. Kwa swabu ya kitabu hiyo ni kuizimua bure, tumia 35.

Kila mara pitisha pia swabu ambayo haijagusa kitu, kwa hatua zilezile. Vumbi la chumba lina Cladosporium na Penicillium tele, na bila swabu hiyo hujui umekamata ukungu wa kitabu au wa hewa.

Kwenye PCR, praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) ITS1F na ITS4, za ITS, sehemu ya DNA inayotumika kutambua kuvu, kwa nyuzi 55, mizunguko 35, hutoa kipande cha takriban bezi 600 hadi 750. Ongeza BSA, protini inayopunguza nguvu ya vizuizi. Kisipotokea, zimua DNA mara 10 urudie kabla ya kulaumu seti. Mara nyingi kizuizi huzimuliwa nacho. ITS inatosha kutaja jenasi, lakini kwa Aspergillus na Penicillium haitenganishi spishi nyingi zinazokaribiana. Hapo ongeza jeni ya beta-tubulini au ya kalmodulini, na ukiona maabara inakupa jina kamili la spishi kwa ITS peke yake, uliza maswali.

Faida ya njia hii juu ya kuotesha ni kwa kuvu kama Aspergillus halophilicus, iliyozua taabu kwenye maktaba za Italia zenye rafu za kusogezwa: haioti kwenye agari ya kawaida, inataka yenye sukari au chumvi nyingi. Ila DNA ya kuvu iliyokufa nayo inasomeka. Kwa hiyo kabla ya kuamua kutibu rafu nzima, pima ATP (molekuli ya nishati ya seli hai) au otesha kidogo pembeni, na angalia unyevu wa chumba. Ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kama ilivyo kawaida Zanzibar na Lamu, rekebisha hewa kwanza.