Tua ya Nyeri kwa kaburi la Baden-Powell: gari nyota 5, hadithi nyota 2

Haya wacha niandike hii saa hii kabla hasira iishe nianze kuwaonea huruma. Jumamosi iliyopita nilichukua wasichana 13 wa Girl Guides (maskauti wa kike) wa shule yetu tukaenda Nyeri kwa kaburi la Baden-Powell, yule aliyeanzisha uskauti, na Olave, aliyeongoza Girl Guides, tukienda na kampuni moja ya tua, jina siweki juu dereva wao alitutendea wema na sitaki aharibikiwe na kazi. 2,800 kwa kila kichwa, ndani yake gari, lanchi na mtu wa kueleza historia. Tulichanga miezi miwili, tumeuza mandazi mpaka majirani wakaanza kutuhepa kwa geti.

Gari sina neno. Safi, mikanda yote inafunga (nilijaribu mmoja mmoja, mimi ni mtu wa hivo), dereva mzee mtaratibu, hakuovateki kona hata moja kutoka Kenol mpaka Karatina na nyote mnajua ile barabara inavotesa watu. Alitusimamishia Sagana wasichana wakaenda choo bila kutuangalia saa. Lanchi ilikua chipsi zimelala na kuku amekauka, tule tusonge.

Sasa shida ni huyo wa historia. Kijana msafi, anaongea vizuri, na amesoma, siwezi kumnyima hiyo. Tulifika Paxtu, ile nyumba ndogo waliyoishi hao wawili, iko ndani ya kompaundi ya hoteli ya Outspan, na hapo mahali penyewe ni pazuri jameni, kijumba cha watu wawili, kuna jiko la kuota moto, skafu za maskauti wa dunia nzima zimeachwa hapo, na mawingu yakikubali unauona Mlima Kenya. Kijana akaanza. Mafeking kule Afrika Kusini, Baden-Powell na jeshi lake siku 217 za kuzingirwa, 1899 mpaka 1900. Kambi ya kwanza ya maskauti, Brownsea, 1907. Akaingilia mwenye hoteli Sherbrooke Walker aliyejenga Treetops, ile hoteli ya juu ya mti, akaruka kwa Jim Corbett yule mwindaji wa simbamarara wala watu wa India aliyekuja kuishi kwa hiyo hiyo nyumba baadaye. Corbett peke yake dakika kumi! Wasichana wamevaa yunifomu ya Girl Guides mbele yake, na hajataja msichana hata mmoja.

Ndio mmoja wangu, wa darasa la saba, akainua mkono kwa adabu, "Na Olave alikua anafanya nini?"

Akajibiwa, "Huyo alikua bibi ya Baden-Powell."

Basi. Imeisha. Akaendelea na Corbett.

Nilinyamaza mpaka makaburini hapo St Peter's, juu sikutaka kumwaibisha kijana wa watu mbele ya watoto. Lakini tulipofika kwa jiwe, lile la duara na nukta katikati, alama ya njia ya maskauti ya kusema nimeenda nyumbani, majina yako mawili. Ya Baden-Powell iko Chief Scout of the World na ya Olave iko World Chief Guide, yaani mkuu wa Guides wa dunia. Hiyo si cheo cha bibi ya mtu. Nikaomba radhi nikachukua kipindi.

Nikawaambia Olave Soames alizaliwa Chesterfield, Uingereza, 1889, baba yake tajiri wa kiwanda cha bia, na hakusoma sana, mpaka miaka 12 tu na walimu wa kuja nyumbani. Akakutana na Baden-Powell ndani ya meli 1912, miaka 32 kati yao na bethdei moja, 22 Februari (hapo wasichana walipiga kelele mpaka mlinzi akaja). Mwaka huo huo wakaoana. Halafu sehemu ninayoipenda mimi. 1914 alienda kujitolea kwa Girl Guides, ile iliyokua inaongozwa na shemeji yake Agnes, na wakamkataa! Unakataliwa kufanya kazi ya bure, tena na familia ya bwanako. Mimi hapo ningebaki nyumbani nikasirike. Yeye vita ilipowaka akaachia mama yake watoto akaenda Calais, Ufaransa, kwa kibanda cha kupumzikia wanajeshi, anapeana chai. Akarudi, 1916 akaanza kupanga makamishna wa Guides wa kaunti ya Sussex mmoja baada ya mwingine, na mwaka huo haujaisha makamishna wenyewe wakamchagua mkubwa wao. 1918 Chief Guide. 1930 wa dunia nzima. Dadake alipokufa akachukua wale wasichana wake watatu juu ya watoto watatu wake. Bwana akafa hapo Nyeri Januari 1941, mama akarudi Uingereza 1942 vita bado imechacha, akakuta nyumba yao ya Pax Hill imekaliwa na jeshi la Kanada, akapewa pa kukaa Hampton Court. Na akaendelea. Nchi 111 alizitembelea kwa kazi isiyo na mshahara, mpaka daktari akamkataza kusafiri. Alikufa 1977 na majivu yake yakaletwa hapa hapa Nyeri.

Sasa na mimi si kipofu. Hii ilikua Nyeri ya walowezi, shamba za watu zimechukuliwa, na kilomita chache tu kutoka kwa hilo kaburi ndio Dedan Kimathi wa Mau Mau alikamatwa 1956. Msichana wangu mwingine aliuliza nani alikua anapika kwa hiyo nyumba huyu mama akiandika barua zake. Swali zuri kuliko yote ya hiyo siku. Nilimwambia ukweli, ni watu wetu, na majina yao hayako kwa jiwe lolote hapo. Kujitolea ni rahisi zaidi ukiwa una wa kukuoshea sufuria, mimi natoka kazini saa kumi na moja ndio nakimbilia mkutano wa Guides nikiwa na nyanya kwa mfuko. Lakini bado, wangapi walikua na pesa yake na wakakaa tu?

Kijana wa historia alisimama kando akisikiza mpaka mwisho, akatoa kalamu akaandika kwa mkono, nikamsamehea nusu.

(Njiani kurudi wakaanza kuimba "sisi magaidi", maana yao ma-guide, nikawakataza juu kuna roadblock ya polisi Sagana.)

Kwa hivo kama mnaenda, endeni, Nyeri inafaa hiyo safari ya zaidi ya saa mbili. Bebeni chakula chenu. Kaeni upande wa kulia mkienda ndio muuone mlima. Na kabla mlipe, ulizeni huyo wa kueleza atasema nini juu ya Olave, akianza na "bibi ya" mtafute mwingine.

Jumatatu ofisi yao iliniandikia Watsap kuomba nyota. Nikawatumia haya yote, refu hivi hivi. Wakanijibu "Tumeskia madam" na kakidole, halafu baada ya saa moja kijana mwenyewe akapiga simu kuuliza kama ni Sussex ama Surrey.