Hedifoni za studio ya chumbani: uanze na ipi, ipi isubiri

Chumba ninachofanyia kazi kina mita tatu kwa mita tatu, kuta za tofali za saruji, dirisha moja linalotazama choo cha jirani. Kwa kulala kinatosha. Kwa kusikiliza besi ni balaa. Kuta mbili zilizoachana mita tatu hurudishiana sauti mpaka ile iliyo karibu na Hz 57 (mitetemo 57 kwa sekunde, sauti nzito ya chini) inavimba yenyewe, na kwa kuwa urefu na upana wa chumba ni sawa, uvimbe wa upande mmoja unaangukia juu ya ule wa pili. Hapohapo ndipo kiki, lile pigo zito la ngoma, na besi ya bongo fleva zinapokaa. Nilikuwa na spika nzuri tu. Nikisikia besi imezidi, napunguza. Siku wimbo ulipopigwa kwenye bajaji, ulitoka mkavu kama unaimbwa ndani ya kopo.

Hedifoni hazijali chumba kina mita ngapi. Hazimwamshi mama mwenye nyumba saa nane usiku, na kelele za mvua juu ya bati zinapungua. Ndiyo maana kwa mtu wa studio ya chumbani nasema nunua hedifoni kabla ya spika. Na kama pesa inatosha pea moja tu, iwe ya mgongo uliofungwa.

Hilo la mgongo ndilo la kuelewa kwanza, maana wauzaji wengi hawalisemi. Geuza kikombe cha hedifoni utazame nyuma. Kama ni plastiki tupu, mgongo umefungwa: sauti inabaki ndani. Kama kuna wavu au matundu, mgongo uko wazi: sauti inatoka nje kama redio ndogo. Zenye mgongo wazi husikika kwa upana zaidi, hazichoshi, na kwa kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote za wimbo, ni tamu. Lakini mwimbaji akizivaa mbele ya maiki ya kondensa, ile nyeti ya studio, kliki (mlio wa kumhesabia mapigo) inavuja, maiki inaidaka, na wewe unabaki na "tik tik tik" nyuma ya kila neno la mapenzi. Huitoi hiyo. Studio ya chumbani ina pea moja inayofanya kazi zote mbili, kurekodi na kumiksi, kwa hiyo iliyofungwa inashinda kabla hatujafika kwenye majina.

Bei nitakazotaja ni za nje, kwa dola na kwa makadirio. Ikifika kwetu imeshapitia usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, jipange.

Ya kwanza: Sony MDR-7506

Ipo sokoni tangu 1991 na haijabadilika sana. Ukiona picha ya mtangazaji wa redio au fundi sauti wa filamu, angalia masikioni: mstari wa bluu, waya uliojikunja kama wa simu ya mezani. Ni kama dola 100.

Naiweka juu kwa sababu tatu. Ukinzani wake ni omu 63 na inapiga kwa nguvu hata ukiichomeka kwenye saundikadi (kile kisanduku cha kuunganisha maiki na hedifoni kwenye kompyuta) ya bei ndogo, au kwenye laptopu yenyewe. Ni nyepesi, unaivaa saa tatu na shingo haisemi kitu. Na kubwa zaidi, haina huruma: sauti zake za juu ni kali, kwa hiyo mate ya mwimbaji, pumzi, feni uliyosahau kuizima, mkato mbaya kati ya tungo mbili, vyote vinakurukia usoni. Kwa kusikiliza starehe ni kero. Kwa kazi, ndicho unacholipia.

Ubaya wake unaujua baada ya mwaka mmoja wa joto la Dar. Sponji zake zimevikwa ngozi bandia nyembamba, na jasho linaimenya. Unatoka studio na vipande vyeusi kwenye ndevu kama umetoka kuchoma mkaa. Sponji za kubadilisha zipo na si ghali, ila jihadhari: sponji nene kuliko za asili hubadilisha besi, na masikio yako yaliyoizoea yatapotea njia. Waya wake haung'oki. Ukikatika ndani, ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi na risasi ya kuunganishia.

Ya pili: Beyerdynamic DT 770 Pro, ile ya omu 80

Hii ingekuwa ya kwanza kama si bei, kama dola 170. Inatengenezwa Ujerumani, na uzuri wake ni kwamba karibu kila kipande kinauzwa peke yake: sponji, utepe wa kichwani, mpaka spika ya ndani. Sponji zake ni za kitambaa laini mfano wa mahameli, siyo ngozi. Kwa mtu wa pwani hilo si dogo. Sikio halitokoti, na zikichafuka unazivua, unazifua taratibu, unazianika kivulini.

Besi yake ni nene kuliko ilivyo kweli na sauti za juu zimechongoka, kwa hiyo ukiwa mgeni utamiksi nyimbo zenye besi kidogo na sauti butu. Mwezi mmoja wa kusikiliza nyimbo unazozijua vizuri unaliponya hilo.

Angalia sana namba kwenye kikombe. DT 770 Pro inatoka kwa omu 32, 80 na 250. Ya 32 unaweza kuichomeka hata kwenye simu. Ya 80 inataka saundikadi ya kawaida. Ya 250 ukiichomeka kwenye saundikadi dhaifu utaisikia kwa mbali, kama mtu anaongea chumba cha pili, halafu utasema hedifoni mbovu. Wengi wameuziwa ya 250 kwa maneno ya "kubwa ndiyo bora". Omu si nguvu za farasi. Ni ukinzani, namba ikipanda, kifaa kinachoisukuma lazima kiwe na msuli.

Ya tatu: Audio-Technica ATH-M40x

Vijana wote wanaitaka M50x, kaka yake. Naelewa, ina umbo zuri na besi inayopiga kifuani. Tatizo ni hiyohiyo besi. M40x ina omu 35, bei iko jirani na ya Sony, na mizani yake ya sauti iko sawa zaidi. Waya unang'oka, na ndani ya boksi kuna waya mbili, mmoja wa kunyooka na mwingine wa kujikunja. Kwa studio ambayo kila anayepita anakanyaga waya, hilo lina thamani. Ngozi yake nayo inamenyeka. Kama tayari unayo M50x, usiiuze. Jifunze tu kutoiamini kwenye besi.

Ya nne, kwa mfuko mwembamba: ATH-M20x

Karibu dola 50. Waya haung'oki, sponji ni nyembamba, sikio kubwa linabanwa. Lakini inasema ukweli kuliko hedifoni yoyote ya mtaani yenye maandishi makubwa ya "Extra Bass". Hata ukija kupata kubwa, hii itabaki kuwa ya mwimbaji.

Ya tano: Sennheiser HD 280 Pro

Nunua hii kama nyumba yako iko kando ya gereji au baa. Kampuni yenyewe inasema inazuia kelele za nje hadi desibeli 32, na ukiivaa unaelewa kwa nini: inabana kichwa kama ngoma mpya. Kwa kumrekodi mpiga dramu au rapa anayetaka sauti juu sana, hakuna kuvuja. Kwa kumiksi saa nne mfululizo, hapana.

Za mgongo wazi, zikae zamu ya pili

Ukishapata ya kurekodia, pea ya pili iwe ya mgongo wazi. AKG K240 Studio ni mlango wa bei nafuu. Iko katikati, si wazi kabisa, omu 55, na waya wake unang'oka. Sennheiser HD 600, ya tangu 1997, ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwenye sauti ya mtu, kinanda na fidla za taarabu, lakini ina omu 300 na bei ya pikipiki mbovu. DT 990 Pro watu wanaisifu. Mimi sauti zake za juu zinanichoma baada ya nusu saa.

Bluetooth sijaiweka popote kwenye orodha, na singeli itanisaidia kueleza. Chukua biti ya BPM 240, yaani mapigo 240 kwa dakika: kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 250. Hedifoni nyingi za Bluetooth huchelewesha sauti kati ya milisekunde 150 na 250. Maana yake MC anasikia pigo wakati lingine linakaribia kugonga. Ataghani nje ya biti usiku mzima na utamlaumu bure. Waya, basi.

Hata kwa waya, sauti inaweza kuchelewa ndani ya kompyuta. Programu ya kurekodi ina bafa, akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa. Ikiwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 128 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde tatu tu. Ikiwa 1024 ni 23, na hapo ni upande mmoja, bado kuingia na kutoka. Wakati wa kurekodi ishushe, wakati wa kumiksi ipandishe ili laptopu isikwame. Saundikadi nyingi, hata ndogo kama Focusrite Scarlett Solo, zina swichi ya kumpa mwimbaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye maiki bila kupita kwenye kompyuta. Iwashe, kisha zima sauti ya traki hiyo ndani ya programu, la sivyo atajisikia mara mbili kama yuko pangoni.

Mkiwa wawili, wewe na mwimbaji, usinunue kile kigawanyio cha Y. Kinafanya kazi, ila sauti ni moja kwa wote: yeye anataka juu, wewe masikio yanauma. Kisanduku kama Behringer HA400 kina matundu manne, kila moja na kitasa chake, na bei yake iko chini ya hedifoni yoyote niliyoitaja. Kwa maoni yangu ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko bei yake katika studio ndogo.

Kuhusu feki. Zimejaa, na zinafanana mpaka kwenye boksi. Mimi niliuziwa moja katika duka la mjini. "Kaka, hii orijino kabisa, tena ya mwisho." Nilipofika nyumbani nikapiga sauti tupu ya Hz 40 na sikio la kushoto likatetema kama karatasi. Siku hizi naenda na simu yenye sauti inayopanda polepole kutoka Hz 30 hadi 200, pamoja na wimbo mmoja ninaoujua kila pumzi. Navaa, nasikiliza: isikwaruze, na kushoto na kulia zipande pamoja. Muuzaji akikukataza kujaribu, rudisha pesa mfukoni. Mtumba wa mtu unayemfahamu mara nyingi ni salama kuliko mpya wa bei ya kutia shaka. Tikisa waya pale unapoingia kwenye kikombe wakati muziki unapiga, hapo ndipo unapofia.

Ukishanunua, sauti iwe ya chini. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukiwa kwenye 94 una saa moja. Mlio ukibaki sikioni baada ya kuvua, ujue ulishapita kikomo.

Kingine: hedifoni hudanganya kwenye upana. Kwenye spika sikio la kushoto linasikia pia spika ya kulia. Kwenye hedifoni kila sikio liko peke yake, kwa hiyo gitaa ulilolipeleka kando kabisa linaonekana liko nje ya nyumba, na mwangwi unausikia mwingi kuliko utakaobaki. Sikiliza miksi kwa mono, yaani kushoto na kulia zikiwa zimeunganishwa kuwa sauti moja, mara kwa mara, kisha kwenye simu, kisha kwenye bajaji ya jirani.

Na usifanye ubahili kwenye adapta. Saundikadi inataka pini nene ya milimita 6.35, hedifoni nyingi zinakuja na nyembamba ya 3.5. Adapta iliyokuja na hedifoni yangu ilipotea, nikanunua ya mtaani kwa bei ya soda. Usiku ule nikafungua kazi ya mteja: sauti ya mwimbaji haipo. Ngoma zipo, gitaa za kando zipo, mwangwi wa mwimbaji unasikika mbali, yeye mwenyewe hayupo. Nilifungua traki moja moja, nikafuta plagini, nikawasha upya kompyuta, nikakaribia kumpigia simu mteja nimwambie faili limeharibika. Saa tisa usiku nikaigusa adapta kwa kidole na mwimbaji akarudi. Mguso wa ardhi, ule unaotumiwa na kushoto na kulia kwa pamoja, ulikuwa umelegea, na ukilegea hivyo unachosikia ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kilicho katikati kinajifuta. Nikaichomoa nikaitupa dirishani. Asubuhi jirani akauliza nani anarusha vyuma kwenye bati la choo chake.